Hesabu za Baba

Watu wa kwetu ninaokutana nao Babati, tukishasalimiana, huniuliza kama Baba bado anatutambua. Ni swali jema na hulipokea kwa shukrani. Anatutambua, mara nyingi. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na mimi huitika. Kusahau kwake tumekuzoea. Kinachotuchosha ni kile asichosahau. Kila jua linapoinama, Baba anahesabu ng'ombe. Anawahesabu wakiwa zizini, anawahesabu akiwa ameketi kibarazani, anawahesabu akiwa kitandani gizani, na hesabu haitimii. Basi anainuka kwenda kuangalia komeo la zizi, anarudi, anaketi, na kabla kiti hakijapata joto ameinuka tena.

Kwetu ni upande wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, mahali ambapo siku ya mbingu safi Mlima Hanang huonekana kusini umesimama peke yake. Naandika "kwetu", ingawa kazi yangu ya ualimu iko Babati na kinachonirudisha nyumbani ni likizo, na jambo hilo lina uzito katika haya yote nitakayosema. Anayelala na kuamka na Baba ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, na zaidi yake ni mke wake, wifi yangu. Mimi nimeyajua haya kwa vipande. Wao wanayaishi bila likizo, na nikisema "tulifanya" au "tuligundua" msomaji ajue kwamba mara nyingi aliyefanya na kugundua ni wifi.

Baba anahesabu kwa punje za mahindi. Anachota kiganja kimoja kutoka kwenye debe, anaketi kwenye kigoda, anatandika koti lake magotini, kisha anapanga punje mojamoja, nyeupe kwa ng'ombe weupe, za njano kwa wekundu. Ile yenye doa jeusi huitafuta kwa muda mrefu, kwa ajili ya dume la mabaka ambalo mimi nalikumbuka kwa mbali sana, nilipokuwa sijaanza shule. Hataji namba. Anataja rangi, anataja pembe, anataja mama wa ng'ombe na kule alikotoka mama huyo. Wafugaji wa rika lake ndivyo wanavyowajua mifugo wao, kwa sura na ukoo, na ng'ombe akikosekana jicho hulijua pengo lake kabla ya hesabu. Kisha kuku anapita. Kuku akidonoa punje moja, Baba anasimama akitetemeka, kwa sababu mbele ya macho yake ng'ombe ameibwa mchana kweupe na wanawe tumekaa tu. Tulijaribu kumpa kokoto badala ya mahindi, akazimwaga. Kokoto zote zilikuwa za rangi moja. Wifi ndiye aliyeamua, bila kikao chochote, kwamba kuku wa nyumba ile watafungiwa mapema, jua likiwa bado juu, na ugomvi wa kila jioni ukapungua kwa kiasi kikubwa. Nimefikiri mara nyingi juu ya uamuzi ule mdogo. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta namna ya kumzuia Baba asihesabu. Yeye aliwazuia kuku.

Hospitali tulikompeleka, daktari alimpima shinikizo la damu na sukari, akachukua damu, akauliza kama amewahi kupata kiharusi, akamwomba achore saa na ataje majina ya vitu. Alitwambia ni dimensia, na kwa jinsi ilivyoanza taratibu huenda ni ile ya Alzheimer. Alitueleza kwa upole kwamba sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi, hipokampasi, huwa miongoni mwa zinazoharibika mapema, na mambo ya zamani hubaki muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa akiuliza, ukamjibu, jibu halipati pa kukaa. Lakini wasiwasi uliozaa swali bado upo palepale, nao utauliza tena.

Baadaye nilisoma habari za mgonjwa aliyeupa ugonjwa huu jina kwa njia ya daktari wake. Alikuwa mwanamke Mjerumani, Auguste Deter, aliyepokelewa katika hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Alois Alzheimer alimfuatilia, na mwaka 1906, mgonjwa alipokwisha kufariki, akaeleza mbele ya madaktari wenzake mambo aliyoyaona. Kilichonishika katika maelezo yake hakikuwa habari za ubongo. Ni pale aliposema kwamba mama yule alikuwa akiburura matandiko yake huku na huko, na kwamba kabla ya hapo, nyumbani kwake, alikuwa akihamisha vitu na kuvificha. Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Tangu mgonjwa wa kwanza kuandikwa, mikono ilikuwa inatafuta kazi.

Nilisoma pia kwamba karibu na sisi, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita katika vijiji sita mwaka 2009 na 2010, wakawapima wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba karibu 6 katika kila 100 wana dimensia. Nikawafikiria wazee wa Mbulu na Hanang, wa Daudi, wa Tlawi, wa Haydom, wa Basotu, ambao familia zao zinasema tu "mzee amekuwa mtoto", au zinanong'ona kwamba amerogwa, au kwamba anafanya makusudi. Hilo la makusudi nilikuwa nalo hata mimi. Haikuniingia akilini kwamba mtu anayeweza kukutajia ukoo wa ng'ombe mpaka bibi yake ashindwe kukumbuka kwamba ametoka zizini sasa hivi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nafikiri hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi, kwa sababu hesabu isiyo sahihi hunisumbua mwilini. Likizo za mwanzo nilimshika mkono Baba nikaenda naye zizini, tukahesabu pamoja ng'ombe sita waliopo, nikamfanya arudie namba, nikaiandika kwenye karatasi kwa kalamu nene na kuibandika karibu na kitanda chake. Anajua kusoma, alijifunza ukubwani katika madarasa ya jioni. Alikuwa akiisoma ile karatasi, anakubali, anaketi, kisha ananiuliza ni nani aliyeandika sita wakati ng'ombe si sita. Nikawa namweleza. Nikawa napandisha sauti, kwanza kidogo, halafu si kidogo. Na jioni zile ambazo nilishinda ubishi, ambazo alinyamaza na kuinamisha kichwa, zilikuwa ndizo anazoamka mara nyingi zaidi usiku.

Kwa nini ilikuwa hivyo sikuelewa mpaka nilipokutana na utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Watafiti waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona, mmoja hakukumbuka hata kama kulikuwa na filamu. Lakini huzuni ilibaki nao, na furaha ilibaki nao, hata baada ya sababu yake kufutika. Waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliokaa na huzuni muda mrefu zaidi. Niliufunga ukurasa ule nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimwacha Baba kila jioni. Maneno yangu yote alikuwa ameyasahau kabla sijafika jikoni. Ukali wangu alibaki nao peke yake gizani, bila kujua umetoka wapi, na mtu mwenye hofu isiyo na chanzo huitafutia chanzo. Yeye chanzo alikuwa nacho tayari. Aliinuka akaenda kuangalia komeo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilibadilika. Nilibadilika baadhi ya jioni.

Jambo lililotufungua macho zaidi lilitokea msibani. Ndugu wa Baba alifariki kule juu, Kainam, kwenye milima ya baridi ambako Wairaqw wengi huhesabu asili yao na ambako Baba mwenyewe alizaliwa kabla ya kushuka na vijana wenzake kutafuta ardhi. Tulibishana kama tumpeleke. Tuliogopa atapotea, ataaibika, atachoka. Wifi akasema asipomzika ndugu yake tutakuwa tumemzika yeye. Tukaenda. Wazee walipoanza slufay, ile dua ndefu ambayo mmoja huitoa na wote huiitikia, Baba aliitikia kila mahali palipostahili, sauti yake haikutangulia wala kuchelewa, na mdogo wangu aligeuka kunitazama kuhakikisha kwamba nami nimesikia.

Usiku ule alilala katika nyumba ya tembe ya jamaa yetu, mojawapo ya zile chache zilizobaki. Ni nyumba fupi, paa lake la miti na udongo, ukuta wa nyuma umeingia kwenye mteremko kiasi kwamba kwa upande wa juu unaweza kulipita paa bila kujua kuna watu chini. Wazee wetu walijenga hivyo, wengine wakichimba hadi nyumba nzima ikazama ardhini, kwa sababu ya wavamizi waliokuja kuchukua mifugo, na hasa Wamasai wa karne ya 19 ambao habari zao bado zinasimuliwa. Na kwa sababu hiyohiyo mifugo walilala ndani pamoja na watu. Katika nyumba ile kuna sehemu ya ndama na mbuzi, imetengwa kwa fito tu. Baba alilala kwenye ngozi kando ya fito zile. Hakuamka hata mara moja. Sisi ndio tulioamka, tukiwasha tochi kumwangalia, tukidhani kuna baya.

Asubuhi tulisema ni uchovu wa safari. Wifi alikuwa anakoroga uji, hakusema kitu, na tulipokuwa njiani kurudi ndipo akaniambia, "Wifi, Baba amelala kwa sababu alikuwa anawasikia."

Inanilazimu kueleza kuhusu nyumba yetu. Miaka kadhaa kabla ya ugonjwa, sisi watoto tulichangishana tukamjengea Baba nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, bati la rangi ya bluu linaloonekana kutoka barabarani. Tembe ya zamani tukaibomoa, na zizi likahamishiwa mbali, ng'ambo ya migomba, ili nzi na harufu visiingie ndani. Tulijivunia nyumba ile, na sijaacha kujivunia. Mama alifia ndani yake akiwa mahali pakavu na pasafi. Lakini ni nyumba ambayo mtu akifunga mlango hasikii kitu cha nje, na mvua ikianza kupiga bati hujisikii hata wewe mwenyewe. Baba alikuwa amelala na pumzi ya ng'ombe sikioni maisha yake yote. Usingizini alikuwa akisikia wakicheua, wakijinyoosha, wakigongana pembe, na bila kuamka alijua kwamba wapo. Akili yake ilipokuwa nzima iliweza kumkumbusha kwamba ng'ombe sasa wako ng'ambo ya migomba, wamefungiwa, kila kitu kiko salama. Ilipoanza kuachia, ukimya wa nyumba yetu ukawa na maana moja tu kwake. Zizi ni tupu.

Sijui kama hii ndiyo sababu yenyewe. Daktari alitueleza kwamba wagonjwa wengi wa namna hii huhangaika zaidi jua linapozama, hata wale ambao hawajawahi kumiliki kuku, na kwamba kurudiarudia ni sehemu ya ugonjwa popote pale duniani. Mwenye duka hukagua kufuli, mama wa nyumba hukunja na kukunjua nguo. Huenda Baba angehangaika hata kwenye tembe. Lakini naona ugonjwa ulichukua njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa, na sisi kwa upendo kabisa tulikuwa tumeiondoa ile sauti iliyokuwa ikimjibu.

Wifi akapendekeza ndama aletwe ndani. Mdogo wangu aliposikia alikasirika kwa namna ambayo sijawahi kumwona. Alisema tumehangaika kutoka kwenye moshi na viroboto, leo tunarudisha ng'ombe sebuleni kwa sababu ya mgonjwa, na kesho watoto wakikohoa tutamlaumu nani? Hoja yake ilikuwa na haki yote. Magonjwa ya mifugo huwapata watu, na kifua kikuu ni mojawapo. Tulifika mahali pa katikati ambapo hakuna aliyeridhika kabisa. Stoo inayopakana na chumba cha Baba, yenye mlango wake wa nje, iliondolewa mahindi, ikamwagiwa majani makavu, ndama mmoja aliyekwisha kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo akalazwa humo. Fundi alitoboa tundu ukutani juu ya kitanda, akaliwekea wavu. Jioni ya kwanza Baba alikaa akitazama ukuta. Kisha akaweka kiganja chake kwenye ukuta, chini ya tundu lile, akasema kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni aliyechelewa, "Huyu amerudi."

Usiku uliofuata aliamka mara chache kuliko ilivyokuwa desturi yake. Siku zilizofuata ilikuwa hivyohivyo, kisha zikaja nyingine mbaya, kisha nzuri tena. Ndama amesaidia. Hajaponya.

Kuna jambo jingine la hesabu yake ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulipokea, nalo ni kwamba Baba hakuwa anakosea kama nilivyodhani. Kwetu mtu hakai na ng'ombe wake wote zizini kwake. Humpa huyu mmoja amtunzie, humpa yule mwingine, ndugu, rafiki, shemeji, hata Mbarabaig wa upande wa Hanang aliyejenga naye urafiki mnadani. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi, na siku moja anaweza kupewa mtamba kwa wema wake. Mwenye ng'ombe anajua kwamba ugonjwa au wezi wakija, hawatamaliza mali yake kwa usiku mmoja, na kwamba ana watu. Hakuna karatasi inayoandikwa. Daftari ni kichwa cha mwenye ng'ombe na kichwa cha anayetunza, na mashahidi wao wakiwa hai.

Kwa hiyo wakati mimi nabandika namba sita ukutani, Baba alikuwa anahesabu wale wa zizini na wale waliogawanywa, pamoja na wengine waliokwisha kufa au kuuzwa miaka ya 1970, wote wakiwa mahali pamoja, kwa sababu kwake nyakati zimeondolewa kuta. Mdogo wangu alianza kumsikiliza na kuandika zile rangi na majina ya watu. Akapita kwao kuuliza, kwa adabu, bila kudai. Wapo waliosema mara moja, ndiyo, ng'ombe wa mzee yupo, na uzao wake ni huu hapa. Wapo waliosema alirudishwa zamani, muulizeni mzee. Hatuwezi kumuuliza mzee. Au tunaweza, na atatujibu, na jibu la jana litapingana na la leo. Sitaki kumdhania mtu vibaya, na sitaki pia kusema kwamba hatujapoteza kitu. Nawaambia rafiki zangu ambao wazazi wao bado wako sawa waketi nao waulize ng'ombe wako kwa nani, mpaka wa shamba unapita wapi, nani anadaiwa na nani anadai. Wengi wananitazama kana kwamba nawatakia wazazi wao mabaya.

Hadi hapo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kila anachorudia Baba, ukikisikiliza kwa subira, kitakupeleka mahali penye maana, na kwamba kazi yetu ni kumjibu kwa ile lugha ya hofu yake. Kisha likaja swali la Katesh.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, tope likashuka na mawe na magogo likapita Jorodom, Gendabi na mji wa Katesh wenyewe. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kwao wifi ni huko. Mama yake mdogo, aliyemlea kwa sehemu kubwa ya utoto wake, hakuonekana kwa siku kadhaa, na alipoonekana hakuwa hai. Tulikwenda kuzika. Baba tulimwacha kwa jirani, hatukumwambia mengi, lakini redio ilisema na watu walisema, na jambo lile, ambalo lilikuwa jipya kabisa, likaingia mahali ambapo mambo mapya hayaingii. Sijui liliingiaje. Pengine kwa sababu lilikuja na hofu.

Tangu hapo mvua ikipiga bati, Baba humwita wifi na kumuuliza, "Mwanangu, kwenu wamepona?"

Anauliza kwa huruma ya kweli. Anauliza akiwa amesimama, mkono kifuani. Anauliza tena uji ukiwa haujapoa, na tena wakati anavuliwa viatu. Katika msimu wa mvua hilo ni swali la usiku kucha, na anayeulizwa ni yule ambaye kwao hawakupona wote. Mara ya kwanza nilipokuwepo nilimwona wifi akiacha alichokishika, akaenda mpaka kwa Baba, akamjibu, "Wamepona, baba. Wote wamepona. Kaa." Akakaa. Nilimfuata jikoni nikamwambia kwa kujifanya mwenye busara kwamba halazimiki, kwamba anaweza kumwachia mwingine amjibu, kwamba yale tuliyojifunza ya kuijibu hofu yake hayamaanishi yeye ajiumize. Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Wifi, nikimwambia wamepona, kwa dakika ile na mimi huona wamepona." Akaongeza, baadaye kidogo, akiwa amenipa mgongo, "Siku nyingine inakuwa ni kumzika upya."

Sijui la kufanya na maneno yale mawili. Nimeyabeba mpaka Babati na kurudi. Nililelewa na Baba huyuhuyu kutosema uongo, na adhabu yake kwa uongo ilikuwa kubwa kuliko adhabu ya kuvunja chungu. Sasa nyumba nzima inamwambia uongo kwa zamu. Ng'ombe wamerudi wote. Mama yuko kwa jirani, anakuja. Kwao wifi wamepona. Nimesoma wataalamu wanaotetea jambo hili, wakisema ukweli usioweza kushikwa na mgonjwa humuumiza bila kumfaa, na naona wana haki, kwa sababu nilijaribu mara moja kumwambia kwamba Mama alifariki, akalia kama anayesikia kwa mara ya kwanza, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Sitafanya hivyo tena. Lakini nikimtazama machoni nikamwambia ng'ombe wote wamerudi, kuna kitu kati yetu naona kinapungua, na sijui kama anayekipoteza ni yeye au ni mimi. Mdogo wangu amejitengenezea njia yake. Hasemi ndiyo wala hapana. Anamwambia, "Baba, nimefunga komeo mwenyewe. Leo zamu ni yangu." Ni kweli tupu, na mara nyingi inatosha. Naijaribu pia. Mdomoni mwangu haina nguvu ileile, labda kwa sababu zamu yangu ni ya likizo, na Baba, kwa namna asiyoweza kuieleza, analijua hilo.

Nitaje haraka mawili ambayo huenda yakamfaa mtu. Kuna kipindi kuhangaika kwake kuliongezeka ghafla ndani ya siku mbili, akawa haketi kabisa, na sisi tukasema ugonjwa umepanda ngazi. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa akarudi alipokuwa. Mzee asiyeweza kusema "naumwa hapa" husema kwa kutembea. Na kuna wakati, kwa kuchoka, tulimnunulia vidonge vya usingizi bila kumuuliza daktari. Alilala, kisha siku iliyofuata akayumba akaanguka mlangoni. Hakuvunjika. Vile vidonge tulivitupa chooni.

Sasa hivi hesabu zinapungua. Nilipokwenda mara ya mwisho kulikuwa na jioni ambazo debe la mahindi halikuguswa, na Baba aliketi tu, mikono juu ya koti, hatafuti kitu. Mdogo wangu alisema afadhali, tunapumzika. Wifi hakusema. Mimi nilichota punje nikampangia magotini, nyeupe na njano, nikaitafuta ile yenye doa nikaiweka katikati, na alizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama kazi ya mwenzake. Nilikuwa nimeomba kwa muda mrefu aache. Sikuwa nimefikiri kwamba atakapoacha, yule mzee wa Kainam aliyekuwa akilinda mali yake usiku kucha ndiye atakayekuwa anaondoka.

Kuhusu ndama, amekua, stoo haimtoshi, na tunajadiliana kama tulete mwingine. Mdogo wangu anasema hapana haja tena. Mimi nasema tusubiri msimu wa mvua upite. Wifi ameomba Desemba yote akakae kwao Katesh, na nimebadilishana zamu za kazi na wenzangu ili niwepo mimi. Safari hii hatukumuuliza atarudi lini.